Barua kutoka Madison: maziwa, ziwa na shamba la Babu

Madison, Wisconsin

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Bibi mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea, maana najua yuko hapo jikoni anasubiri asomewe. Mimi ni mzima, masomo yanaenda. Baridi ipo lakini nimeizoea, na koti nililonalo linatosha, msihangaike na hilo.

Ujumbe wa Kaka, kwamba shamba la Babu auziwe mtu wa parachichi, nimeupata. Hela nimetuma, shilingi laki tatu, ila nimeituma kwenye simu ya Dada, na sababu yake Kaka anaijua. Ni ya chanjo na mashudu, si ya kumlipa mpima ardhi. Suala la shamba nitalifikia. Kwanza nijibu neno la Baba Mdogo kwenye kikao cha ukoo, kwamba mimi nimekuja Marekani kustarehe na kupiga picha kando ya ziwa. Picha nilipiga, ni kweli. Ngoja nikutembeze ninakoishi, halafu useme wewe.

Ziwa lile ni Mendota, na chuo chetu, University of Wisconsin, kimekaa ukingoni mwake. Pale penye viti vya chuma vya kijani, njano na rangi ya machungwa ni baraza la Memorial Union, jengo la wanafunzi lililofunguliwa mwaka 1928. Kukaa hakulipiwi, mwenye nacho na asiye nacho wote wanakaa, na jioni za kiangazi muziki haukosekani. Mimi ndipo ninaposomea Jumapili baada ya ibada. Ikifika katikati ya majira ya baridi ziwa hilohilo linaganda, watu wanatembea juu yake na kutoboa barafu wavue samaki. Bibi hataamini, lakini mwambie mjukuu wake amelikanyaga ziwa kwa miguu yake na halikumzamisha.

Lakini ninapopapenda kuliko kote ni Babcock Hall, jengo la maziwa. Kwenye duka lake wanauza aiskrimu iliyotengenezwa mlemle ndani, na ukitembea kidogo unafika kwenye ng'ombe. Ndiyo, Mama, ng'ombe wanafugwa ndani ya chuo. Unapita umebeba vitabu, harufu ya banda inakupokea, na mimi moyo wangu unakuwa nyumbani Tukuyu palepale.

Jengo limepewa jina la Stephen Babcock, mkemia wa hapa. Zamani zile wafugaji walikuwa wakilipwa kwa uzito wa maziwa tu. Mwenye kuongeza maji alipata zaidi, na mwenye maziwa mazito yenye mafuta alipunjwa. Mwaka 1890 Babcock akatoa kipimo chake: unatia maziwa kwenye chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari, unaongeza asidi ya salfuriki, unazizungusha chupa kwa kasi kwenye mashine, mafuta yanapanda shingoni na unasoma asilimia yake kwa macho. Hakukichukulia hataza, yaani haki ya kukimiliki peke yake. Aliwaachia watu wote bure, na mimi namheshimu mtu huyo kama mzee wa ukoo wetu.

Nilipokifanya kipimo hicho kwa mikono yangu nilikukumbuka wewe, siku ile yule kijana wa kituo cha maziwa alipomwaga dumu lako mbele ya watu akasema umetia maji. Ulirudi nyumbani hukusema kitu, ukaenda moja kwa moja kukata matete. Sijasahau. Sasa nakwambia kwa elimu, si kwa mapenzi ya mtoto: laktomita, kile kijiti cha kupimia kama maziwa yametiwa maji, huzama zaidi maziwa yakiwa bado ya moto, yakaonekana kama yana maji, na wewe ulikuwa umetoka kukamua saa ileile. Alipaswa ayaache yapoe, apime joto lake, ndipo asome. Yeye alichovya tu, akatangaza. Hukutia maji, Mama. Nataka Mama Atu asikie, na wote waliokuwepo pale wakanyamaza wasikie.

Na jambo jingine la kumwambia Baba Mdogo: muhula huu nimechaguliwa kuwa msaidizi wa mwalimu kwenye maabara ya maziwa. Wamo watoto wa wafugaji wakubwa wa Wisconsin ambao wamekua na ng'ombe wengi kuliko wa kijiji chetu kizima, na wanasimama wananisikiliza mimi. Hiyo ndiyo starehe yangu.

Kaka naye, anayesema ng'ombe apewe chochote kinachojaza tumbo, msomee hapa polepole. Kuna banda la mwaka 1898 ambalo mpaka leo limesimama. Humo, kuanzia 1907, waligawa mitamba makundi: moja likala mahindi matupu, jingine ngano, jingine oti, la nne mchanganyiko. Kwa hesabu za wakemia chakula kilikuwa sawa. Wa mahindi wakanawiri na kuzaa ndama wenye nguvu. Wa ngano wakadhoofika, ndama wao wakafa. Kuulizana kwa nini ndiko kulikosaidia kuwafikisha wataalamu wa hapa kwenye vitamini A. Kwa hiyo, Mama, unapomchanganyia ng'ombe wetu Malaika malisho yake, endelea, na asikucheke mtu.

Nikizidiwa na hamu ya nyumbani naenda maktaba ya Memorial Library, kwenye rafu za vitabu vya Kiswahili, nasoma nimesimama. Lugha yetu inafundishwa hapa, na wapo vijana wa Kizungu wanaoniamkia shikamoo bila kukosea. Jumamosi kuna soko la wakulima kuzunguka jengo la serikali ya jimbo, jibini yake ni tamu. Ndizi za madukani hapa sizitaki, zinakatisha tamaa.

Sasa shamba. Hapa chuoni, juu ya kilima cha Observatory Hill, kuna matuta makubwa ya udongo, moja umbo la ndege, jingine la kiumbe wa majini mwenye mikia miwili. Yalijengwa na wazee wa Wahochunk, wenyeji wa asili wa nchi hii, karibu miaka elfu moja iliyopita, na mengi ya namna hiyo ni makaburi. Mwaka 1832 watu hao walilazimishwa kutia saini mkataba wa kuiachia nchi hii, kisha serikali ikawafukuza tena na tena, na tena na tena wakarudi. Matuta mengine yalisawazishwa watu wakijenga. Mwaka 2019 chuo kilizindua bamba la kukiri hayo kwenye kilima cha Bascom Hill. Mimi hupita pale nikielekea darasani, na tangu nipate ujumbe wa Kaka sipiti bila kusimama. Wao walinyang'anywa. Sisi hakuna aliyetushikia bunduki, tunataka kumpa mtu wa parachichi migomba ya juu alipolala Babu, kwa hela itakayoisha kabla ya masika!

Kwenye mlango wa Bascom Hall, jengo la juu ya kilima hicho, kuna bamba jingine, maneno yake ni ya 1894, yanasema chuo kipepete na kuchekecha bila woga, maana ukweli haupatikani kwa njia nyingine. Niliposoma nikauona ungo wako. Basi hili nalo lipepetwe. Nani alimleta huyo mnunuzi? Nani ameshapokea chochote kwake? Bibi ameulizwa?

Kaka asitie saini karatasi yoyote ya kijiji. Nitapiga simu Jumapili saa mbili usiku ya kwenu, wote wawepo, na Baba Mdogo pia, nitamwamkia kwa heshima yake yote ndipo nimuulize. Wewe uwe na daftari la maziwa mkononi, tuwasomee shamba lile na ng'ombe wake vimelipa ada za nani.

Binti yako akupendaye.