Ofisa wako wa kodi amehamishwa, jalada lako limebaki

Swali tunaloulizwa zaidi hapa ofisini Mwanga, mjini Kigoma, tunakowasaidia wafanyabiashara na mambo ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kuliko hata lile la kupata TIN, yaani namba ya mlipakodi, huja hivi: "Yule kaka wa TRA aliyekuwa ananielewa kahamishwa. Huyu mpya nitamwanzia wapi?" Anayeuliza huwa hajalala vizuri. Mwingine huja na namba ya simu ya ofisa aliyeondoka, akitaka tumsaidie kumtafuta huko alikopelekwa ili wamalizie jambo lao.

Jibu letu huwa moja, na leo tunaliandika kwa urefu ili hata mteja wa Kasulu au Kakonko asiyeweza kufika Mwanga alisome: ofisa akihamishwa, anaondoka na alichokuwa anakijua kichwani. Kilichoandikwa kinabaki. Kwa hiyo usihangaike kumtafuta aliyeondoka, hangaikia kilichomo ndani ya jalada lako.

Tulijifunza hili kwa gharama, na gharama hiyo aliilipa mteja wetu.

Ni mama anayenunua dagaa mwalo wa Kibirizi na kuwasafirisha Tabora na Dar es Salaam. Mnakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi mitatu biashara yake ilisimama kabisa. Makadirio yake, yaani kodi anayotarajiwa kulipa kwa mwaka kwa awamu nne, yalikuwa yamefanywa mwanzoni mwa mwaka, ziwa likiwa wazi, na awamu ya tarehe 30 Juni ilimkuta hana mzigo wala fedha. Alikwenda kuzungumza na ofisa aliyekuwa anamhudumia. Ofisa alimsikiliza vizuri, akamwambia aandike barua ya kuomba makadirio yarekebishwe, aambatishe na maelezo ya kufungwa kwa ziwa. Mama akatupigia simu, akatuambia, "Wanangu, niandikieni hiyo barua."

Hatukuiandika wiki ile. Tulikuwa na hesabu za wateja wengine zinazotakiwa kufika kabla ya Juni kuisha, tukasema tutaiandika wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa Agosti. Mwezi Septemba mama alipokwenda kulipa awamu ya tatu, ofisa yule alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine. Aliyempokea alifungua mfumo, akaona deni la Juni na riba yake. Mazungumzo yao ya Juni hayakuwa na mahali popote pa kuonekana. Ofisa mpya hakuwa na kosa, na wa zamani hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu sisi tuliopewa kazi ya kuandika.

Tuliiandika siku hiyohiyo, tukaambatisha tangazo la kufungwa kwa ziwa na kurasa za daftari lake la manunuzi zinazoonyesha miezi mitatu mitupu. Makadirio yalirekebishwa. Riba ya awamu ya Juni haikufutwa, na tuliona haki kuilipa sisi. Tangu siku hiyo hakuna mteja anayetuambia "nimeongea nao" tukamwacha aondoke bila barua.

Kwa nini wanahama?

Watu wengi huona uhamisho wa maofisa kama dalili ya jambo baya, kwamba kuna mtu kaharibu. Mara nyingi siyo hivyo. Mtu anayekadiria kodi akikaa mji mmoja miaka mingi, atakuwa na rafiki, shemeji na mwenye nyumba wake miongoni mwa anaowakadiria. Kumhamisha ni kumlinda yeye na kukulinda wewe. Pia TRA inaajiri: mwanzoni mwa mwaka 2025 ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi 135,000. Watumishi wapya wanapoingia, waliopo husogezwa. Kijana aliyemaliza chuo majuzi anaweza kukabidhiwa majalada ya watu ambao hajawahi kuwaona, wala hayajui maduka yao. Hajui kwamba duka lako la Gungu lilifungwa miezi miwili ulipokuwa unauguza. Atajuaje, kama jambo hilo halimo kwenye karatasi?

Juu kabisa nako hubadilika. Ukihesabu kuanzia mwaka 2017, kiti cha Kamishna Mkuu wa TRA kimekaliwa na Charles Kichere, kisha Edwin Mhede mwaka 2019, kisha Alphayo Kidata mwaka 2021, ambaye alikuwa amewahi kukikalia kabla ya Kichere, na Julai 2024 akateuliwa Yusuph Mwenda, aliyetoka kuongoza Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Uteuzi huo wa 2024 ulikuja siku chache baada ya wafanyabiashara wa Kariakoo kufunga maduka, na mgomo ule ukagusa miji mingine kadhaa. Ni haki wateja wetu kufuatilia habari hizi, maana kiongozi mpya huja na msisitizo wake, na sisi wenyewe huwa tunaweka redio sauti ya juu habari za uteuzi zinaposomwa.

Lakini tunawaomba mfuatilie zaidi tarehe 1 Julai ya kila mwaka. Viwango vya kodi haviamuliwi na ofisa, wala na Kamishna Mkuu. Hupitishwa na Bunge katika Sheria ya Fedha, na kwa kawaida huanza siku hiyo. Mfano mzuri ni mwaka 2023: kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kusajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kilipanda kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Badiliko hilo liligusa maduka ya jumla hapa Mwanga kuliko uhamisho wowote wa mtumishi, na bado tulikutana na watu waliolisikia mwaka mmoja baadaye.

Barua inaandikwaje

Usiiandikie jina la mtu. Iandikie cheo: Meneja wa TRA wa Mkoa, Kigoma. Ukimwandikia bwana fulani naye akahama, barua itakaa mezani ikimsubiri. Weka TIN yako, mwaka wa mapato unaozungumzia, aina ya kodi, kiasi, na unachoomba kwa sentensi moja iliyonyooka. Sio "naomba msaada". Sema unaomba makadirio yarekebishwe, au unaomba kulipa deni kwa awamu nne na utaje tarehe zake. Toa nakala mbili, zipeleke masijala, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Muhuri ule ndio shahidi wako. Ukiomba kulipa kwa awamu, jua kwamba riba huendelea kuhesabiwa, kwa hiyo usiombe muda mrefu kuliko unaouhitaji.

Na kama umekutana na ofisa mpya akakupa makadirio usiyokubaliana nayo, sheria inakupa siku 30 tangu ulipopewa taarifa ya makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Siku hizo haziongezwi kwa sababu ofisa wako wa zamani alikuelewa vingine. Ili pingamizi likubaliwe kupokelewa, unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu usiyobishania, inayozidi kati ya hizo mbili. Kama huwezi, unaruhusiwa kuomba, kwa maandishi pia, upunguziwe au usamehewe. Ukishindwa hapo, ipo Bodi ya Rufaa za Kodi, na juu yake Baraza la Rufaa za Kodi. Kwa malalamiko ya namna ulivyohudumiwa, ipo taasisi nyingine inayojitegemea, ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake, TOST. Tunaitaja kwa sababu wateja wengi wa mikoa yetu ya magharibi hawajawahi kuisikia.

Daftari

Hapa ndipo tungependa mteja atusikilize kuliko mahali pengine pote.

Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka ana viwango viwili mbele yake, na vimekuwepo tangu 2019. Asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Chukua dada anayeuza mawese kwa rejareja, mauzo yake kwa mwaka milioni 5. Akiwa na daftari lililotunzwa vizuri, kodi yake ni 30,000. Bila daftari ni 100,000. Shilingi 70,000 si fedha ndogo, na kinachozitenganisha kodi hizo mbili ni daftari la counterbook na kalamu. Mwenye mauzo ya milioni 6 atalipa 60,000, na hata anayefika milioni 7 kamili atalipa 90,000. Katika kundi lile lote hakuna mahali ambapo mwenye daftari anaumia.

Sasa unganisha na habari ya uhamisho. Ofisa aliyekaa hapa miaka mitatu anaweza kukujua kwa sura, ameona duka lako likipwaya na kujaa. Mpya ana daftari tu. Kama halipo, atafanya kazi na makisio, na makisio ya mtu asiyekujua hayana huruma wala chuki, ni makisio. Daftari linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria inakubali Kiswahili na Kiingereza. Andika tarehe, ulichouza, ulichonunua, ulicholipa. Funga risiti za manunuzi kwa mwezi. Na usiyatupe ya zamani: unatakiwa kuyatunza kwa miaka mitano. Tumeshaona watu wakifungia maandazi kurasa za daftari la mwaka juzi, na tuliumia.

Kwa wanaovuka Manyovu kwenda na kurudi Burundi, maofisa wa forodha nao hubadilishwa, na mambo ni yaleyale. Mzigo ulio katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na usiozidi dola 2,000 una utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye cheti cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kinachotolewa palepale mpakani. Dai cheti chako kila safari. "Wananifahamu pale" siyo cheti.

Anayejiita ofisa mpya

Kipindi cha uhamisho ndicho matapeli wanachokipenda, kwa kuwa hakuna anayezijua sura mpya. Mteja wetu wa vipuri vya pikipiki alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kama ofisa aliyehamia Kigoma wiki hiyo. Alilitaja jina la ofisa aliyeondoka, akasema ameona "tatizo" kwenye jalada, na linaweza kumalizwa kwa laki tatu zikitumwa kwenye namba ya simu. Kijana alikuwa ameshafungua simu atume. Aliyemzuia ni mke wake, aliyeuliza swali moja: mbona hakuna namba ya malipo?

Dada yule aliona kilicho muhimu. Kodi hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, na ukishalipa inaonekana kwenye akaunti yako ya mlipakodi. Haiingii kwenye simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni ofisa wa kweli. Akija dukani, muombe kitambulisho kwa heshima, usome jina, kisha piga simu ya bure ya TRA, 0800 780 078 au 0800 750 075, uulize. Ofisa wa kweli hatakasirika.

Tunasema kwa heshima kwa sababu ya jambo lililotusikitisha wote. Desemba 2024, huko Tegeta, Dar es Salaam, watumishi wa TRA waliokuwa kazini wakifuatilia gari lililoshukiwa kutolipiwa ushuru walishambuliwa na wananchi waliodhani ni watekaji, na mmoja wao alifariki. Alikuwa mtoto wa watu, ametumwa kazi. Kwa hiyo mnapokuwa na shaka na mgeni anayejiita ofisa, msipige kelele za kukusanya watu barabarani. Ulizeni kitambulisho, pigeni simu, na kama bado hamna hakika, mwiteni mwenyekiti wa mtaa.

Tunachofanya hapa

Kila mteja wetu wa mwezi ana faili mbili, moja kwetu na moja kwake nyumbani, zenye nakala ya kila barua iliyogongwa muhuri, kila stakabadhi ya malipo na makadirio ya kila mwaka. Asiye mteja wa mwezi anaweza kuja kuandikiwa barua moja tu, na tunaiandika akiwa amekaa palepale, hatuipokei tena kwa ahadi ya wiki ijayo. Kwa wazee na akina mama wa mwaloni wasiosoma vizuri, tunaisoma kwa sauti mpaka mwisho kabla hawajaweka dole gumba.

Jumatano asubuhi tunapokea wanaotaka kupangiwa majalada yao. Njoo na TIN, daftari lolote ulilonalo hata kama limelowa mvua, risiti zako kwenye mfuko wa rambo kama zilivyo, na barua yoyote ya kodi uliyowahi kupokea. Kama uliwahi kukubaliana jambo kwa mdomo na ofisa aliyehama, tueleze lilikuwa lipi na lini, kabla tarehe ya awamu inayofuata haijafika. Tarehe ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mama wa Kibirizi sasa hufika wiki mbili kabla ya kila mojawapo, na huwa ametangulia hata sisi kufungua mlango.