Mbuta ni yuleyule, maji siyo: kwa nini rili iliyotoka Turkana tunaitoza zaidi

Malalamiko haya huja kwetu hapa Kisumu kila baada ya likizo ya Agosti, na juzi yamekuja tena. Mteja kaweka mezani rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia, kasikia bei, kaichukua na kuirudisha kwenye mkoba. "Fundi, rili hii imevua mbuta Rusinga na Mfangano, Ziwa Victoria, miaka yote, na sevisi unanifanyia kwa shilingi 1,500. Nimekwenda Ziwa Turkana kuvua mbuta huyohuyo, leo unaniambia 4,500. Samaki amebadilika?"

Samaki hajabadilika. Tena mbuta, au sangara, si mwenyeji wa huku kwetu. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akitolewa Ziwa Albert na huko huko Turkana. Ukimvua Loyangalani au Kalokol unamvua kwao. Anaruka na kutikisa kichwa vilevile, na mdomo wake unakwaruza vilevile, ndiyo maana mshipi mzito wa mbele haukwepeki popote uendako. Tofauti iko kwenye maji.

Wateja wanaovua kolekole Watamu au Kilifi huwa hawabishani nasi. Wanajua wametoka baharini, na wengine hufika wakiomba radhi kwa hali ya rili. Wabishi ni wa Turkana, kwa sababu walikwenda ziwani, na ziwa wanalolijua ni hili la hapa Kisumu. Lakini Turkana halina mto unaotoka. Mto Omo unaingiza maji kutoka Ethiopia, jua linayakausha, chumvi inabaki, na imekuwa hivyo kwa maelfu ya miaka. Lita moja ya maji ya huko ina takriban gramu 2.5 za chumvi. Bahari ina kama gramu 35, kwa hiyo si bahari, nakubali. Ila Ziwa Victoria hata robo ya gramu halifiki.

Na chumvi yenyewe sehemu kubwa ni magadi. Hapo ndipo alumini inapoumia, na mwili wa rili nyingi ni alumini. Aliyepika mrenda kwa magadi kwenye sufuria ya alumini ameona sufuria inavyogeuka nyeusi ndani. Rili yako nayo imerushiwa maji hayo kutwa nzima, maana upepo wa Turkana kila mtu anaujua, na pamoja na maji kuna mchanga.

Kinachowafanya wateja wahisi wameibiwa ni hiki: rili haiharibikii huko. Hewa ya Turkana ni kavu. Unapofunga mizigo, rili inazunguka bila shida, unairudisha nyumbani, unaiweka chini ya kitanda. Hewa ya Kisumu ina unyevu, na chumvi iliyojificha ndani inauvuta. Baada ya mwezi mmoja au miwili beringi zinakwaruza, mkono wa kuzungushia unakuwa mzito, na skrubu zimeshikwa na unga mweupe. Skrubu ni za chuma kisichoshika kutu, mwili ni alumini, na metali mbili hizo zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ukiilazimisha kwa bisibisi, kichwa kinakatika. Hapo tunatoboa, tunachonga nyuzi za skrubu upya, na hiyo 4,500 unayoilalamikia utaitamani.

Sasa njia za mkato. Mbaya kuliko zote ni ya kuipeleka rili kwa vijana wanaoosha magari. Mteja mmoja, mtu msafi kabisa ambaye gari lake halina hata vumbi, alipitisha rili mbili chini ya mashine ya presha wakati gari linaoshwa. Zilitoka zinang'aa. Tulipozifungua, maji yalikuwa yamesukumwa hadi ndani ya beringi, yamebeba chumvi na mchanga wote uliokuwa umekaa nje, na grisi imekimbia. Laiti angeziacha chafu. Kwenye moja hatukuokoa kitu isipokuwa spuli, yaani kibiringo cha mshipi, na mkono.

Wa pili ni mzee wetu mmoja wa Dunga, mvuvi hodari, ninamheshimu. Yeye huamini mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati. Kila akirudi safari anapuliza kila tundu. Mafuta yale yanaondoa maji, kweli, lakini yanaondoa na grisi, yakifika kwenye breki, inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, ndiyo balaa. Breki ya rili yake ni ya sahani za felti. Felti ilinywa mafuta na chumvi pamoja, ikawa inashika na kuachia, inashika na kuachia. Mbuta akikimbia unataka mshipi utoke kwa ulaini. Ukishtuka mara moja tu, umekatika. Alikuja kwangu akilaumu mshipi, akisema ameuziwa feki. Mshipi ulikuwa mzima, tuliupima mbele yake kwa mizani. Tukamwekea sahani za kaboni, na mpaka leo ananung'unika kuhusu bei yake, ingawa sijamsikia tena akitaja mshipi.

Kuna na wanaotaka beringi za bei nafuu, zile za chuma cha kawaida zinazouzwa kwa mafundi wa feni na mota. Kwa Ziwa Victoria sikukatazi, zinakwenda. Kwa Turkana sizifungi, hata ukiniomba vipi, kwa sababu zikikwama utasema ni kazi yangu.

Mwingine tena alirudi siku ya pili akidai tumempunguzia mshipi. Mshipi wa kusuka unanyonya maji na kuyalaza juu ya spuli, kwa hiyo rili ya maji ya chumvi lazima tuutoe wote, tuuloweke, tuusuuze, tuukaushe kivulini ndipo tuurudishe. Tukiurudisha tunaukaza vizuri zaidi ya ulivyokuwa, na spuli inaonekana haijajaa. Tangu siku hiyo tunaupima mita mteja akiwa amesimama hapo hapo.

Kwa rili ya Victoria tunafungua upande mmoja, tunasafisha, tunatia mafuta mepesi, basi. Ya Turkana inavuliwa hadi kipande cha mwisho. Beringi zinatoka zote na kuoshwa kwa mafuta ya taa, mwili unafutwa kwa maji yenye siki kidogo ili magadi yaachie kisha unasuuzwa mara moja, na skrubu iliyokwama tunaipasha moto kichwa taratibu badala ya kuishindilia. Halafu grisi ya baharini. Kazi hiyo inakula siku ya fundi, na fundi wangu simlipi kwa maneno.

Ukitaka kulipa kidogo, jioni ileile ukiwa bado Turkana, kaza breki hadi mwisho ili maji yasiingie kwenye sahani. Mwagia rili maji matamu polepole kama mvua nyepesi, hata chupa moja ya maji ya kunywa inatosha. Usiitumbukize kwenye beseni. Futa, legeza breki, iache ipigwe na upepo mahali pasipo mchanga. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki. Ukifika Kisumu, ilete wiki hiyohiyo. Ikija kabla chumvi haijaanza kula, na skrubu zote zikifunguka, tunatoza 3,000. Iliyokaa chini ya kitanda hadi Krismasi ni 4,500, na vipuri unalipia mbali.