Risala ya Kikundi cha Wachambuaji wa Nyaya Chakavu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa kikundi, wageni waalikwa, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kuketi nasi katikati ya magunia ya nyaya, mahali ambapo wageni wengi huishia mlangoni. Kikundi chetu hukusanya nyaya chakavu za umeme, huzimenya, huzichambua kwa madaraja na kuziuza ziende kuyeyushwa upya. Hatutakuchosha kwa historia ya kikundi. Tunaomba kukueleza kazi ya kuchambua, kwa kuwa hapo ndipo kipato chetu hupatikana au hupotea.

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Neno shaba katika mazungumzo ya kila siku hubeba metali mbili: shaba nyekundu, ambayo sisi huiita kopa, na shaba ya njano, ambayo ni kopa iliyochanganywa na zinki. Mwanakikundi mpya huanza kwa kujifunza tofauti hiyo, maana mnunuzi akikuta mchanganyiko ndani ya gunia, gunia zima hulipwa kwa bei ya kile kilicho duni kuliko vyote.

Daraja la juu kabisa ni kopa inayong'aa, yaani waya mtupu uliomenywa, usio na bati, vanishi, lehemu wala alama ya moto, na ambao unene wake haupungui takribani milimita 1.3. Waya safi wa unene huohuo ambao mng'ao wake umefifia kwa kukaa hewani hushuka hatua moja tu. Chini ya hatua hiyo lipo lile liitwalo daraja la pili, ambalo hukusanya nyaya zilizopakwa bati, nyaya za mota na transfoma zenye vanishi, vipande vyenye mabaki ya lehemu, na nyuzi nyembamba za kamba za vifaa vya nyumbani. Daraja hili hutarajiwa kuwa na kopa ya asilimia 96, na isipungue asilimia 94. Asiye wa kazi hii huiona tofauti kati yake na kopa safi kuwa ndogo, lakini waya mpya wa umeme huhitaji kopa safi mno, kwa sababu hata uchafu kidogo hupunguza uwezo wake wa kupitisha umeme; ndiyo maana kopa ya daraja la pili kwa kawaida hulazimika kusafishwa tena kiwandani kabla ya kurudi kuwa waya.

Jicho peke yake halitoshi. Zipo nyaya za alumini zilizovikwa ngozi nyembamba ya kopa, ambazo kwa nje ni nyekundu kama kopa halisi. Zipo pia nyaya za kopa zilizopakwa bati, ambazo kwa nje ni nyeupe na hutupwa kimakosa kwenye rundo la alumini. Dawa ya zote mbili ni kukata waya na kutazama ncha iliyokatwa, au kuukwangua kwa tupa: wa kwanza ni mwekundu nje na mweupe ndani, wa pili ni kinyume chake. Mkono nao husaidia, kwa kuwa kopa ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini ya ujazo uleule. Sumaku hufichua waya wenye kiini cha chuma, lakini haiishiki alumini, hivyo anayeitegemea sumaku peke yake atadanganyika, kama sisi wenyewe tulivyowahi kudanganyika kwa magunia mawili.

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Hatuwezi kukuficha kwamba zamani tulikuwa tunachoma nyaya ili kuondoa plastiki. Tulidhani tunaokoa muda. Moto huifanya kopa iwe nyeusi na nyuzi zake zikatike kwa urahisi, kwa hiyo waya ambao ungeuzwa kwa daraja la juu tuliushusha kwa mikono yetu wenyewe. Moshi wa plastiki ya PVC, nao, hubeba gesi ya asidi na sumu za dioksini, na walioupumua ni sisi na majirani zetu. Sasa tunamenya kwa kisu na praisi.

Si kila waya unastahili kumenywa. Tunakata kipande, tunakipima, tunakimenya, kisha tunapima kopa peke yake: kipande cha gramu 100 kikitoa gramu 65 za kopa, tunajua shehena ile ina asilimia 65, na tunaweza kujadiliana na mnunuzi bila kubahatisha. Nyaya nyembamba zenye plastiki nyingi tunaziuza na maganda yake, kwa sababu siku nzima ya kumenya hailipwi na kopa inayopatikana.

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Maombi yetu ni matatu. Kwanza, mashine ya kumenyea nyaya, kwa kuwa visu vimewajeruhi wenzetu vidole. Pili, mizani midogo inayosoma gramu, maana mizani yetu wenyewe ni ya kupimia magunia. Tatu, mafunzo kwa wakusanyaji wanaotuletea nyaya zikiwa tayari zimechomwa.

Mbele yako tumeweka vipande vitano vya waya, na kimoja kati yake si kopa. Tupa iko kando. Tunaomba uanze navyo kabla ya kukagua magunia.

Tunaomba kuwasilisha.