Risala ya Wanafunzi Watanzania wa Tamil Nadu kwa Mgeni Rasmi: Hekalu Kubwa la Thanjavur

Ndugu Mgeni Rasmi,
Walezi wetu, wahitimu wetu, na ninyi nyote mliofika,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi jioni hii. Risala za wanafunzi walioko nje huwa za ada, viza na nauli. Leo tumeomba ruhusa ya walezi wetu tukueleze habari za hekalu, maana tangu tulipolitembelea, mazungumzo yake bwenini hayajaisha.

Hekalu hilo ni Brihadisvara la Thanjavur, katika delta ya mto Kaveri, kusini mwa India. Wenyeji husema tu Periya Kovil, yaani Hekalu Kubwa. Ni nyumba ya Shiva, mungu wa Wahindu, na ibada inaendelea humo hadi leo. Alilijenga mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, aliyetawala kuanzia mwaka 985 hadi 1014. Mnara wake una urefu wa takribani mita 60, nao umejengwa kwa granaiti katika nchi ya mashamba ya mpunga isiyo na machimbo ya mawe hayo. Kila jiwe lilisafirishwa kutoka mbali. Mwaka 1010, siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, mfalme alikabidhi kichwa cha shaba cha kuvika kilele.

Ndugu Mgeni Rasmi, wageni husimuliwa pale kwamba kivuli cha mnara hakianguki chini saa sita mchana. Sisi tulikiona kivuli. Lakini hekalu lile halihitaji muujiza wa kubuni, maana ukiinama ukatazama sehemu ya chini ya kuta zake utakuta mistari na mistari ya Kitamil cha kale. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Rajaraja aliandika daftari lake juu ya mawe. Aliagiza ichongwe kila zawadi aliyotoa yeye, aliyotoa dada yake mkubwa Kundavai, waliyotoa wake zake na waliyotoa watu wengine.

Mwenzetu Mtamil wa darasani alitusomea kutoka nakala iliyochapishwa, nasi tukafuata kwa kidole ukutani. Wamo wacheza ngoma wa hekaluni 400, wanawake walioletwa kutoka mahekalu mengine ya ufalme. Kila mmoja ametajwa kwa jina, hekalu alilotoka, mtaa aliopangiwa na nyumba yake katika safu, na fungu lake la mpunga vipimo 100 kwa mwaka, kipimo chao kikiitwa kalam. Baada yao wanafuata waimbaji, wapiga ngoma, waweka hesabu, wawasha taa, wafinyanzi, madobi, vinyozi, washonaji, maseremala, sonara. Hata taa zimeandikwa: kila taa ilitengewa kondoo majike 96, na mchungaji aliyewapokea alipaswa kuleta samli ya kuiwasha kila siku. Tulikaa kimya kidogo hapo. Miaka elfu moja imepita na kinyozi bado yumo kwenye orodha.

Tusifiche upande wa pili. Sehemu ya dhahabu iliyoandikwa ukutani ilitekwa vitani kwa Wachera na Wapandya, koo za wafalme jirani, na baadhi ya vijiji vilivyolipa kodi kwa hekalu vilikuwa Sri Lanka, iliyovamiwa na jeshi la Chola. Wale wanawake 400 walihamishwa kwa amri ya mfalme. Majina yao yamo, maneno yao hayamo. Daftari hili ni la aliyetawala, na sisi tunaamini lisomwe hivyo.

Tena daftari likikosa msomaji hunyamaza. Karne zilipita watu wakawa hawajui tena nani alijenga, hadi Mjerumani Eugen Hultzsch alipoyasoma maandishi hayo mwaka 1886 na jina la Rajaraja likarudi. Mwaka 1931 ikagundulika kwamba chini ya michoro ya enzi ya Wanayaka, watawala waliokuja baadaye, kwenye ujia mwembamba unaozunguka chumba cha ndani, imejificha michoro ya enzi ya Chola yenyewe. UNESCO ililiingiza hekalu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Lilipotakaswa upya Februari 2020, mahakama iliamua dua zisomwe kwa Kisanskriti na kwa Kitamil pia. Marafiki zetu wa hapa bado wanaizungumza hukumu hiyo kwa furaha. Sisi tunaosali kwa lugha zaidi ya moja nyumbani tuliwaelewa haraka.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumeandika kijitabu cha Kiswahili kuhusu hekalu hili, chenye picha tulizopiga wenyewe na tafsiri ya sehemu ya orodha ile. Tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie kukichapisha na kukifikisha katika maktaba za sekondari nyumbani, ambako historia ya India hugusiwa kwa aya chache. Pili, utuunganishe na mtaalamu wa maandishi ya Kitamil cha kale aikague tafsiri yetu kabla haijachapwa, kwa sababu majina ya watu wale hatutaki kuyakosea.

Nakala ya kwanza tumekuwekea hapo mezani. Ukurasa wa wawasha taa tumeukunja pembe.

Tunaomba kuwasilisha.