Nimemaliza cha kumi na moja

Kabula mpendwa,

Mwangaluka! Hujambo, shemeji hajambo, watoto je? Huku sote wazima. Naandika mbiombio kwa sababu Mama Pendo anapanda basi la Dar kesho alfajiri, amekubali kubeba barua hii pamoja na hicho kifurushi. Ni dagaa wa Mwaloni, wamekauka vizuri. Mgawie na dada yako kabla hajalalamika.

Sasa jambo lenyewe. Nimemaliza kitabu cha kumi na moja cha The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za Robert Jordan. Cha kumi na mbili kipo hapa mezani na mkono hauendi.

Ninyi mlionitangulia husema nina bahati: cha kwanza kilitoka 1990, cha mwisho 2013, nami nimevikuta vyote vimekamilika. Kweli. Hata kile cha kumi mnachokilaani kwamba hakisogei, mimi sikukereka nacho. Watu walikingoja tangu 2000 mpaka 2003, kuja kukifungua, Perrin bado anamtafuta mkewe! Lazima wakasirike. Mimi kinachofuata kilikuwa chini ya mto wa kulalia. Kitabu kile kimeonewa, Kabula, lawama zake ni za kungoja.

Lakini mimi nimesoma tangu ukurasa wa kwanza nikijua kwamba Robert Jordan alifariki 2007. Kila Nynaeve alipouvuta msuko wake kwa hasira, nilifurahi na papo hapo nikaingiwa na huzuni. Cha kumi na moja, cha 2005, ndicho cha mwisho alichokimaliza mwenyewe katika hadithi hii. Kurasa zile za mwisho nilizisomea kwenye kivuko cha Kamanga, polepole, abiria wakawa wanashuka mimi bado nimekaa.

Najua mkewe Harriet, aliyekuwa pia mhariri wake, ndiye aliyemchagua mwandishi Brandon Sanderson aimalizie hadithi. Najua Jordan aliacha maandishi, na mengine aliyasema yakarekodiwa akiwa mgonjwa, na kwamba kitabu kimoja kilichobaki kikazaa vitatu. Shija anasema hayo yanatosha, nisome tu. Kwangu hayatoshi. Namfikiria mzee wetu Kitereza wa Ukerewe: alimaliza kuiandika hadithi ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akafariki 1981 bila kukishika kitabu chake. Inauma. Ila pale kila neno ni lake, msomaji hana wasiwasi wa sauti ya nani anaisikia.

Na huku sina wa kuzungumza naye. Shija aliishia cha nne. Baba Neema unamjua, magazeti ya michezo tu.

Basi niambie wewe uliyefika mwisho. Sauti inabadilika? Mat anabaki Mat yuleyule, na utani wake? Ulimzoea Sanderson haraka, au ulisoma mpaka mwisho ukiwa unamtafuta Jordan? Ni kweli tukio la mwisho kabisa aliliandika mwenyewe kabla hajafa? Uliweza kulitambua? Nani anakufa usiniambie, hata kwa kudokeza!

Mama Pendo anarudi Jumapili. Mpe majibu yangu, na umpe cha kumi na tatu pia, maana ukinijibu vizuri hiki cha mezani hakitakaa. Akibebe mkononi, asikiweke kwenye buti la basi.

Wako,
Mama Koku