Anayewafukuza manati si mtoto mtundu, ni miwani inayovuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila ifikapo Novemba, familia za Waswahili waliotawanyika Marekani huanza kupanga safari za likizo, na siku hizi mji wa Crystal River, jimbo la Florida, umo midomoni mwa wengi. Panastahili. Ndipo mahali panapojulikana kuliko pote Marekani kwa watu kuingia majini, kwa ruhusa ya sheria, na manati, wale wanyama wakubwa wapole wa majini, wakiwa huru kabisa, na ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa gari kutoka Tampa au Orlando.

Tatizo ni video zinazozunguka kwenye simu: mtu mzima amemkumbatia mnyama, mtoto anampiga mateke ya mgongo, maji yamechafuka hayaonekani kitu. Chini yake watu wanalaumu malezi. Mimi nasema malezi yanasingiziwa. Mtazame vizuri huyo anayetapatapa: mara nyingi ama ana baridi, ama miwani yake imejaa maji, ama hana cha kumwelesha. Makosa hayo yote hufanyika nchi kavu, mengine jana yake.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Manati ni binamu wa nguva wetu wa pwani. Mkubwa ana urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 400 hadi 550. Ukoo wake wa karibu ni tembo na pimbi, si pomboo wala nyangumi. Ukitazama ncha za mapezi yake ya mbele utaona kucha tatu au nne, kama za mguu wa tembo. Kwa umbo lile mtu hudhani ana mafuta ya kumkinga na baridi. Hana. Mwili wake hutengeneza joto polepole, na maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa siku kadhaa huacha kula, ngozi hutoka vidonda, na asipopata maji ya uvuguvugu hufa. Ndiyo maana Ghuba ya Mexico ikipoa, mamia yao hukimbilia Kings Bay pale Crystal River, ambako chemchemi zaidi ya 70 hutoa maji ya nyuzi 22 mwaka mzima (kwenye vibao vyao utasoma 72, kwa kipimo cha Fahrenheit). Manati aliyelala pale amejificha baridi. Ukimfukuza atoke nje ya chemchemi, umemvua blanketi.

Msimu ni kuanzia Novemba 15 hadi Machi 31. Asubuhi nzuri kuliko zote ni ile inayofuata usiku wa baridi kali, katikati ya wiki, kabla ya jua kupasha ghuba. Mchana wengi hutoka kwenda kula majani, na mwisho wa wiki watu huwa wengi kuliko wanyama. Safari za kwanza hukusanyika saa kumi na mbili asubuhi au karibu na hapo, ilhali jua la Januari kule huchomoza baada ya saa moja na robo. Kwa wanaoswali, maana yake alfajiri itaingia mkiwa kwenye kuvaa vifaa. Tieni udhu mnakolala, mswala uwe garini, na mswali kabla ya kuvaa ile suti ya mpira, maana kuivua na kuivaa tena ni shughuli nyingine.

Boti. Familia zetu ni kubwa na hapa ndipo wengi hukwama gatini. Nahodha mwenye leseni ya boti ndogo haruhusiwi kubeba zaidi ya abiria 6, na kitoto cha miezi minne kinahesabiwa abiria kamili. Mkiwa 8, sema hivyo unapopiga simu, ama mgawanywe boti mbili ama mtafutiwe kubwa iliyokaguliwa. Sheria ya Florida inataka mtoto wa chini ya miaka 6 avae jaketi la kuokolea muda wote boti ndogo inapotembea, hata akilia. Muulize pia kama mwongozaji huingia majini na wageni au hubaki juu akipiga picha. Chagua anayeingia.

Sasa suti. Nyuzi 22 zinasikika kama maji ya kuoga, lakini maji hunyonya joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa, na mtu anayeelea bila kujitikisa hatengenezi joto jipya. Mtoto mwembamba asiye na suti huanza kutetemeka baada ya dakika kumi na tano au ishirini, na mwenye kutetemeka hawezi kutulia. Atapiga miguu apate joto. Suti ya unene wa milimita 3 inatosha watu wazima wengi, na 5 ni afadhali kwa watoto na wembamba. Lazima ibane. Ikipwaya, maji baridi huingia shingoni na kutokea miguuni kila anapojigeuza, na hapo ni sawa na kuvaa shati. Ivaeni mkiwa wakavu, zipu ikae mgongoni. Mguu ukigoma, uvishe kwanza mfuko wa plastiki, utateleza wenyewe, kisha uvue mfuko. Nendeni msalani kabla. (Suti hiyo hiyo kesho atakodishwa mtu mwingine, na manahodha hawana la kujifunza kuhusu watoto na maji ya uvuguvugu.)

Kwa akina mama na mabinti wanaojisitiri, suti hufunika kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na unaweza kuvaa gauni fupi la kuogelea juu yake. Mtandio wa kawaida uachwe nchi kavu: unaelea, unaziba uso, tena unaingia chini ya ukingo wa miwani. Badala yake vaa kofia ya mpira inayobana, ambayo pia inalinda joto la kichwa. Mpira nao unaelea, kwa hiyo suti nzuri inakubeba bila kupiga miguu hata mara moja.

Miwani ya mbizi ndiyo inayoharibu safari nyingi kuliko kitu kingine. Namna ya kuipima: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi puani, ondoa mkono. Ikiganda, imekufaa. Ikianguka, usijidanganye kwamba mkanda ukikazwa itaziba. Kukaza sana hukunja ukingo na kuongeza uvujaji. Kinachovujisha huwa ni unywele mmoja wa paji la uso, ncha ya msuko, au masharubu. Mwenye masharubu anyoe ukanda mwembamba chini tu ya pua. Miwani mipya ina utando wa kiwandani unaoifanya ishike ukungu. Isugueni kwa ndani na dawa ya meno siku moja kabla, muioshe vizuri, na pale majini muitemee mate kwa ndani, muisuuze, muivae.

Mtoto ambaye hajawahi kupumua kwa mrija asifundishwe na manati. Jana yake mjazieni beseni la kuogea hotelini, avae miwani na mrija, alaze uso majini dakika kumi huku akihesabu vigae au vidole vyake. Mwanzoni atainua kichwa kila mara. Baada ya dakika ya tano hivi utasikia pumzi yake imekuwa ndefu. Ikiwa hata baada ya hapo anakataa, umejua mapema, na bado yapo mambo mengine ya kumwonyesha, nitayataja.

Majini kwenyewe kazi ni ndogo mno, na ndiyo maana watu hawaiwezi. Shuka ngazi polepole, usiruke. Pitisha fimbo ya sponji kifuani chini ya makwapa, lala kifudifudi, miguu ielee juu nyuma yako. Mapezi ya kuvaa miguuni acheni kwenye boti. Teke moja la pezi hutimua tope, na tope la Kings Bay likishatimka huwa mmemaliza kuona kwa nusu saa. Msisimame chini pia, hata kama kina ni cha kifuani, maana mbali na tope yako majani ya majini yaliyopandwa upya kwa mkono, na ndiyo chakula cha hao mliowafuata. Mikono ikunje kifuani. Ukitaka kusogea, sukuma maji kwa viganja taratibu.

Halafu ngoja. Manati haoni mbali, lakini anasikia vizuri, na ana vinywele vilivyosambaa mwili mzima vinavyohisi msukosuko wa maji. Teke lako analijua kabla hujamkaribia. Anayepumzika atakuwa kama jiwe la kijivu chini, mgongo una ukoga, pengine na makovu meupe yaliyopangana kama mistari ya daftari. Hayo ni mapigo ya rafadha za boti. Kila baada ya dakika chache atainuka bila haraka kuja kuvuta pumzi, na akilala fofofo anaweza kukaa hata dakika 20. Usikae juu yake palepale, utamzibia njia ya hewa. Ukiona ndama amezamisha pua kwenye kwapa la mama yake, ananyonya. Chuchu za manati ziko hapo, nyuma ya pezi. Rudini nyuma nyote, kwa sababu ndama hukaa na mama hadi miaka miwili na wakitenganishwa mdogo ndiye hupotea.

Wadogo wenye udadisi huja wenyewe. Atanusa miwani yako, atatafuna fimbo ya sponji, atajigeuza tumbo juu. Hapo mikono inawasha. Iacheni kifuani. Kuna wanaosimuliana kwamba kugusa kwa mkono mmoja ni halali popote. Kanuni za Kings Bay za mwaka 2012 zinakataza kumgusa au kumsumbua manati anayepumzika au anayekula, kumfuatilia, kumzunguka, kumpanda, kumshika, kumpigia mbizi kutoka juu, kumtenga na kundi au na mtoto wake, na kumpa chochote cha kula au kunywa. Ndani ya maboya na kamba za maeneo ya hifadhi mtu haingii kabisa, hata kama wanyama wote wamejaa humo na nyinyi mko nje mnatazama maji matupu. Faini ya jimbo ni hadi dola 500 au siku 60 jela. Ya serikali ya shirikisho inaweza kufika dola 50,000 na mwaka mmoja.

Kuhusu kuwalisha, wapo wanaouliza mbona serikali yenyewe iliwapa letasi. Ilifanya hivyo kwa majira mawili ya baridi, sehemu moja upande wa Atlantiki, kwa sababu nyasi bahari zilikuwa zimekufa na mwaka 2021 pekee manati zaidi ya 1,000 walikufa Florida. Waliolisha walikuwa maofisa. Manati aliyezoea kabeji na bomba la maji la gatini hujifunza kufuata boti, na kwenye boti ndiko iliko rafadha. Kwa hiyo mboga zibaki nyumbani; bebeni chupa ya chai ya tangawizi, mandazi, nguo kavu na kofia za sufu za kuvaa mkishatoka, maana upepo wa boti ndio unaoliza watoto kuliko maji.

Kwa bibi, kwa mjamzito asiyetaka baridi, na kwa yule mtoto aliyekataa beseni, yako madaraja ya mbao pale Three Sisters Springs, ambako maji ni maangavu kiasi kwamba kutoka juu unaona zaidi ya aliye ndani. Siku za baridi kali hifadhi huifunga chemchemi hiyo kwa waogeleaji wanyama wapate nafasi, basi msikasirike, pandeni darajani. Homosassa, mwendo mfupi kusini, kuna chumba chenye vioo chini ya maji. Blue Spring, karibu na Orange City, hakuna kuogelea manati wanapokuwepo, mnatazama tu kutoka kandokando.

Mwisho nina ombi kwa dawati lako la picha. Habari za nguva wa Lamu, au za nguva wanaonaswa kwenye jarife huko Mafia na Rufiji, magazeti mengi huzipamba kwa picha ya manati wa Florida. Angalieni mkia. Ukiwa wa mviringo kama kafi, huyo ni wa Crystal River. Wa kwetu umepasuka katikati, kama wa pomboo.

Msomaji wako,
Tampa, Florida