Mmechapa bendera, mmeacha jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Katika ukurasa wa watoto wa Jumapili iliyopita mlichapa nchi ya kubuni ya mjukuu wangu, anayesoma darasa la sita hapa Dodoma. Mliwataka watoto wabuni nchi ya kisiwa, huko kaskazini ya mbali kwenye barafu. Mkachapa bendera yake (ya bluu, samaki mweupe katikati) na ubeti mmoja wa wimbo wa taifa. Asanteni sana, gazeti limezunguka mtaani hadi kwa muuza genge. Ila kurasa mbili alizozihangaikia usiku kucha, moja ya asili ya jina na nyingine ya serikali, hazikutoka. Najua nafasi ni finyu. Lakini nimefundisha jiografia miaka mingi, na kwa maoni yangu mmetupa nyama mkabakiza mfupa.

Nchi yake inaitwa Wasemaje. Mabaharia wa kwanza walimkuta bibi kizee akiparua samaki ufukweni, wakamuuliza kwa lugha yao, "Hapa panaitwaje?" Bibi, masikio yameziba kwa baridi, akajibu, "Wasemaje?" Wakaandika hivyo hivyo.

Mtoto huyu hajaona barafu zaidi ya ile ya kwenye friji, kwa hiyo serikali ameijenga kwa anachokijua. Bahari ya Wasemaje inaganda miezi mingi, kama sisi Ugogo tunavyokaa kuanzia Mei hadi Novemba tukiangalia mawingu yanapita bila kutupa hata tone. Mkubwa wa nchi si mfalme wala rais, ni Mtunza Kuni. Barafu ikiyeyuka, kila kaya inahesabiwa mizigo yake ya kuni hadharani, na Mtunza Kuni anahesabiwa wa kwanza. Akikutwa na ziada, anarudi kuvua samaki. Nikamuuliza, nani anamhesabia? "Bibi yule yule." Katiba imeishia hapo.

Nilicheka, kisha nikakumbuka Iceland. Mwaka 930 watu wa kisiwa kile walianza kukutana kila kiangazi uwandani Thingvellir, katika mkutano walioita Althingi, na mfalme hawakuwa naye. Sheria hazikuwa zimeandikwa. Palikuwa na msema sheria, aliyezikariri kwa sauti mbele ya watu, theluthi moja kila mwaka, akazimaliza kwa miaka mitatu. Bunge lao linaitwa Althingi hadi leo. (Sisi tunaoishi jirani na Bunge tungependa kuona wetu wakijaribu hiyo theluthi moja bila karatasi.) Na jina? Wanasimulia kwamba Flóki, baharia kutoka Norwei, alipoteza mifugo yake yote kwa baridi, akapanda mlimani, akaona ghuba imejaa barafu, akaiita nchi ya barafu. Jina la mtu mwenye hasira. Jirani ya Iceland, Greenland, yaani "nchi ya kijani", ilipewa jina na Erik Mwekundu, mlowezi kutoka Iceland, ili watu wavutiwe kuhamia huko. Wauza viwanja wa hapa mjini watamwelewa.

Msidhani kubuni nchi ni mchezo wa watoto peke yao. Mwaka 1558, mjini Venice, Nicolò Zeno alichapisha kitabu na ramani, akidai ni habari za safari za wazee wa ukoo wake, ndugu wawili waliofika kaskazini karibu miaka 180 kabla. Humo mna kisiwa kikubwa kusini mwa Iceland, jina lake Frisland, na mtawala aitwaye Zichmni, aliyekinyakua kutoka kwa mfalme wa Norwei. Mchora ramani maarufu Mercator akakichora katika ramani yake ya dunia ya 1569, mwenzake Ortelius akafuata mwaka uliofuata. Mwaka 1578 baharia Mwingereza, Martin Frobisher, akashuka Greenland akidhani yuko Frisland, akapabatiza West England, mali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kisiwa chenyewe hakikuwepo! Wapo wanaosema jina lilitokana na visiwa vya Faroe, likasikiwa vibaya na kunakiliwa vibaya zaidi. Ramani ilikuwa na miji, ilikuwa na bandari, imepambwa kama ile bendera mliyoichapa. Ndiyo maana watu wazima wenye meli walikiamini.

Tusiwacheke, maana hata hapa kwetu jina lina hadithi mbili. Wengi wanaijua ya tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, Wagogo wakasema "idodomya", pamezama. Mimi naipenda ile nyingine: Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakabakiza mikia na kuichomeka kwenye tope. Wenye mali walipofika wakaonyeshwa mikia. Ng'ombe wenu hao, wamezama. Wahehe wanisamehe, lakini huyo aliyefikiria mikia alistahili wizara. Kila nikimfundisha mtoto hadithi hizo mbili, swali la kwanza ni lile lile: mwalimu, ipi ya kweli? Hapo ndipo somo la jiografia linapoanza, na bendera haijawahi kunipa swali kama hilo.

Ninachoomba ni kidogo. Mkirudia shindano, punguzeni bendera, chapeni jina limetoka wapi na nani anahesabiwa kuni zake. Wimbo wa taifa unaweza kungoja. Hata hivyo ubeti wa mjukuu wangu ulikuwa na mizani mbovu.

Jambo la mwisho. Mliandika "Wasemanje". Nilitaka kudai masahihisho, lakini mwenye nchi amekataa. Ameshaliandika upya kwenye ramani yake, kwa kalamu ya wino, na pembeni ameongeza jina la mabaharia walioleta kosa hilo: Wahariri.

Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma